Hewa Ndani ya Bomba la Grisi

Jeki ilimponda mume wangu mkono siku ya Jumanne, na Alhamisi lori lilikuwa halina budi kwenda Likoni.

Alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Msambweni, mwenye duka, aliyenunua mbata na korosho kwa wakulima na kuzipeleka Mombasa. Juu ya magunia walipanda abiria. Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari, askari wakipekua magari njiani, na barabara yetu ya pwani ilikuwa udongo na mchanga mtupu, lami hatukuijua. Masika yalikuwa yameshika kisawasawa. Siku hiyo alikuwa akibadilisha gurudumu karibu na Gazi, ardhi iliyoloa ikadidimia chini ya jeki, lori likashuka mkono wake ukiwa bado haujatoka. Walimleta nyumbani kutoka hospitalini jioni, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Vidole viwili," aliniambia. "Daktari amesema tungoje tuone."

Sikulia. Nilimtandikia mkeka barazani, nikampikia uji, nikamnywesha.

Hofu yangu ilikuwa na vichwa viwili. Kichwa cha kwanza ni tajiri. Madereva walikuwa wanatafuta kazi kila mahali, na mtu mwenye mkono wa bendeji ni rahisi kumsahau. Kichwa cha pili ni mama yangu. Mama alikuwa akiishi nasi, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, basi. Baada ya kungoja sana, hospitali ya Mombasa ilimpa siku ya kupasuliwa: alazwe Alhamisi kabla ya magharibi, apasuliwe Ijumaa. Daktari wa macho alikuwa karibu kwenda kwao Ulaya kwa likizo, na tuliambiwa waziwazi kwamba tukiikosa siku hiyo tungoje mpaka arudi, na atarudi lini hakuna ajuaye.

Ndugu mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, ndiye aliyetuokoa. Yeye alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya miwa upande wa Ramisi, na lori pia alikuwa amewahi kuliendesha. Aliomba ruhusa ya siku moja kazini. Tajiri akakubali, kwa shingo upande.

"Alhamisi aende yeye," alimwambia mume wangu, akiwa amesimama nje ya baraza bila kukaa. "Baada ya hapo nitaangalia."

Neno lile "nitaangalia" lilibaki pale barazani baada ya tajiri kuondoka. Hatukuweza kulifagia.

Lori lilikuwa likilala kwetu, pembeni mwa ua wa makuti. Jumatano baada ya adhuhuri mume wangu aliinuka kwenye mkeka, akajikongoja mpaka lilipo, akainama kuangalia magurudumu ya mbele. Nilimfuata.

"Lazima litiwe grisi leo," alisema. "Juzi na jana tumepita majini kutwa. Maji yameiosha yote."

"Utingo hayupo?"

"Amekwenda Kinango. Mamake mgonjwa." Utingo, msaidizi wake wa lori, alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na kwao ni huko bara ya Kinango, hakuwa mtu wa kuitwa akafika siku hiyo hiyo.

"Na shemeji?"

"Atafika alfajiri, wakati wa kuondoka. Grisi haitiwi kwa taa ya chemni."

Alifungua sanduku la vyombo, akatoa bomba la grisi kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeliona mara nyingi bila kulitazama. Lilikuwa mwanzi wa chuma wa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nyuma lilikuwa na ufito wenye kishikio cha kuvuta, mbele kichwa chenye mtambo wa kubana na bomba jembamba linalotoa grisi. Alilikumbatia kwapani, akajaribu kukifungua kichwa kwa mkono mmoja. Hakikufunguka. Akajaribu kusaidia kwa mkono mgonjwa, akatoa sauti ndogo puani, na nikaona doa jekundu likitokea kwenye bendeji na kupanuka.

Nililichukua bomba mkononi mwake.

"Nifundishe," nikasema.

"Wewe?"

"Kuna mwingine?"

Alitazama huku na huku, uani na njiani, kama kwamba huyo mwingine angetokea. Kisha akakaa juu ya kigogo.

Nilivaa leso iliyochakaa, nikajifunga nyingine kichwani, nikatandika magunia mawili chini ya lori. Mama nilimtolea kiti akae karibu nasi, kwa maana alikuwa hapendi kubaki ndani peke yake akisikia sauti za watu nje.

Kulijaza bomba hakukuwa na shida ya kichwa, ilikuwa shida ya mikono. Unafungua kichwa, unavuta ule ufito wa nyuma mpaka mwisho, unaupachika kwenye pengo lake usirudi. Ndani kuna kizibo cha ngozi kinachorudi nyuma pamoja na ufito, na nyuma yake springi inayongoja kukisukuma. Ule utupu unaobaki unaujaza grisi. Nilichota grisi katika mkebe kwa kijiti bapa, nikaishindilia. Iliteleza, ikanipaka mpaka kwenye viwiko, ikanuka kama samaki aliyekaangwa kwa mafuta ya taa. Nikafunga kichwa, nikauachia ufito, nikaingia chini ya lori kwa mgongo.

Chuma kile chote kilikuwa juu ya uso wangu.

"Halitashuka?" niliuliza.

"Limesimama kwa miguu yake. Hapana jeki."

"Bismillahi," nikasema, nikanyoosha mkono.

Alinielekeza kwa sauti. Kila mahali ambapo chuma husugua chuma pana kichuma kidogo chenye kichwa cha mviringo na tundu katikati, ndipo grisi inapoingilia. Mafundi wanakiita chuchu, nami niliona haya kulitaja neno hilo mama akisikia, nikawa nasema "hicho kidude". Kwanza kipanguse kwa kitambaa, la sivyo utaingiza mchanga pamoja na grisi. Kisha bana mdomo wa bomba juu yake, mpaka ushike. Kisha piga mtambo.

Nilipiga. Mtambo ulikuwa mwepesi kama mchi katika kinu kitupu. Nikapiga tena, nikapiga, nikapiga. Hakuna kilichotoka.

"Imeingia?" aliuliza.

"Haitoki kitu."

"Umelijaza?"

"Umeniona nikilijaza."

"Basi umelijaza vibaya."

Nilitoka chini, nikafungua, nikaongeza grisi, nikafunga, nikarudi. Mtambo ukawa ule ule, mwepesi. Jasho lilinichoma macho na sikuweza kujifuta kwa mikono ile. Mume wangu alianza kuongea haraka, bana hivi, sukuma hivi, wewe hubani, na mimi nikamjibu kwa ukali ambao si desturi yangu. Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa Kwale.

Mama ndiye aliyetukatiza. "Kila ukipiga," alisema kutoka kwenye kiti chake, "kuna kitu kinapumua humo. Kama chupa ya samli inayomiminwa."

Mume wangu aliinua kichwa. "Piga tena," akasema. Nikapiga, naye akasogeza sikio. "Ni hewa," alisema pole pole. "Mama amesikia vizuri. Ni hewa imekaa mbele ya grisi."

Kisha akanieleza kwa upole, na sauti yake ikawa ile ninayoijua. Mtambo wa bomba la grisi, alisema, una nguvu ya kusukuma kitu kizito, lakini hewa haisukumiki. Ukiibana inajikunja, ukiiachia inajikunjua pale pale. Unaweza kupiga mpaka kesho, hewa itakuwa ikijikunja na kujikunjua, na grisi imekaa nyuma yake haisogei. Huwezi kuishinda hewa kwa nguvu. Ifungulie mlango itoke.

Nilijua anachosema, maana nilikuwa nimemimina samli kwenye chupa tangu usichana. Ukishindilia ovyo unaacha mapovu makubwa katikati.

Nikaimwaga grisi yote kwenye mkebe nikaanza upya. Safari hii nilitia kidogo kidogo, nikipiga ubavuni mwa mwanzi, na kila baada ya mara chache nilikita kitako cha bomba kwenye kigogo ili grisi ijikalie. Nikafunga kichwa lakini sikukaza. Nikaacha mizunguko ya mwisho imelegea. Nikauachia ufito, kisha nikausukuma mbele kwa kiganja. Pembeni mwa kichwa, pale palipolegea, pakatoka pumzi. Nikasukuma tena. Ikatoka pumzi nyingine, kikohozi kidogo, halafu grisi ikachungulia.

"Kaza sasa," alisema.

Nikakaza, nikapiga mtambo hewani. Mara chache za kwanza ulikuwa mwepesi, kisha ghafla ukawa mzito mkononi, na kwenye mdomo wa bomba ukatokea mnyoo wa grisi, mnene, usiokatika. Sitasahau uzito ule. Nilifurahi hata nikaona aibu.

Nikarudi chini nikatia kidude kimoja kimoja. Alinifundisha dalili: usiamini mkono, amini kinachotoka. Grisi mpya ikiingia, ya zamani inasukumwa nje kwenye maungio, kwanza chafu ina maji na mchanga, kisha nyeusi, kisha ile ile uliyoitia. Springi za lori zikapokea, vyuma vya usukani vikapokea. Magurudumu ya mbele yana kila moja msumari mnene, kingipini, ambao gurudumu huuzunguka lori linapokata kona. Wa kulia ukapokea. Wa kushoto, karibu na magharibi, nikawa sijui.

"Imeingia?"

"Imetoka pembeni."

"Pembeni mwa kidude, au pembeni mwa kingipini?"

Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa, na kiza kilikuwa kimeshaingia chini ya lori. Nilipangusa, nikabana tena, nikapiga, nikapapasa kwa kidole. Palikuwa na grisi. Ya wapi, sikuweza kusema.

"Nadhani imeingia," nikasema.

Adhana ikasikika. Mume wangu alilitazama gurudumu lile la kushoto. Alikuwa kama mtu mwenye neno mdomoni. Kisha akasema, "Inshallah," akaondoka kwenda kutawadha kwa mkono mmoja.

Sikupata usingizi. Neno langu mwenyewe, "nadhani", lilinikesha.

Shemeji alifika alfajiri kama alivyoahidi, akamwamkia mama, akamwamkia kakake, akauzungusha usukani kidogo na kusema si mbaya. Magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa, abiria wakapanda. Mimi na mama tuliwekwa ndani kwa dereva, mama katikati, mimi upande wa kushoto. Mume wangu hakuweza kuja, daktari alitaka kuufungua mkono ule asubuhi hiyo. Alilifunga bomba na mkebe ndani ya gunia akaviweka miguuni pangu.

"Mkisimamishwa na askari, sema ni bomba la grisi," aliniambia dirishani. "Usiseme bunduki ya grisi kama wale mafundi wa bara. Siku hizi neno hilo halifai hata kwa mzaha."

Hiyo nayo nikaibeba juu ya hofu nyingine.

Tulipita Gazi salama. Tulipita Mwabungo. Mama aliuliza tumefika wapi, nikamwambia, akauliza tena. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya shemeji. Mwanzoni ilikuwa imelegea juu ya usukani. Karibu na Ukunda nikaona anaanza kutumia mabega. Mtu akiogopa jambo hulificha hata kwa mwenziwe anayeliogopa vile vile.

Mto Mwachema ulikuwa umefurika, maji yamepanda juu ya daraja. Shemeji aliingia taratibu, na maji yakagonga chini ya miguu yetu kama mtu anayebisha hodi. Tukatoka upande wa pili. Tulipoanza kupanda kuelekea Tiwi nikasikia mlio, upande wangu, mwembamba na mrefu.

"Shemeji, unasikia?" aliniuliza.

"Nasikia."

"Ni gurudumu la upande wako."

Mbele palikuwa na kona ya kulia. Alikata usukani, lori likakata. Alipotaka kulinyoosha, usukani haukurudi. Nilimwona akiinuka kwenye kiti, akiuvuta kwa mwili mzima. Gurudumu la kulia liliacha barabara, likakwaruza vichaka, na kule juu watu wakapiga kelele za "Ya Allah". Kisha usukani ukaachia kwa kishindo, lori likarudi barabarani na kusimama. Mama alikuwa amenishika paja kwa kucha.

Shemeji alizima injini. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Liko jambo nikwambie," alisema, akimkwepa mama kwa macho ijapokuwa mama hakuweza kumwona. "Kule Likoni kuna ule mteremko wa kuingilia ferini. Usukani ukigoma pale tukiwa na mzigo huu, sote tumo baharini. Mimi silishushi lori hili likiwa hivi. Nisamehe."

"Lina kasoro gani?"

"Kingipini ya kushoto kavu. Haikupata grisi."

"Nilitia," nikasema. "Nilitia mara mbili."

"Kaka aliliinua kwa jeki ulipotia?"

"Hapana. Alisema hapana jeki."

Shemeji alitikisa kichwa pole pole. "Hii ya kushoto imebana kuliko ya kulia, lazima lori liinuliwe. Uzito ukiwa juu yake chuma kimebanana, grisi haina pa kupita. Kaka analijua hilo kuliko mimi."

Ndipo nilipofahamu lile neno lililokuwa mdomoni mwa mume wangu jana yake. Alikuwa amechagua. Alikuwa amepima kingipini na amenipima mimi chini ya jeki, akamwachia Mungu kingipini.

Abiria walikuwa wameanza kushuka. Mzee mmoja mwenye koti alisema turudi. Mwingine akasema atarudi nani, na maji yale ya Mwachema yanapanda. Nilitazama jua, halafu nikamtazama mama, aliyekuwa ameketi na kitambaa chake safi cha hospitali mapajani, akingoja tu kuambiwa. Nikashuka na gunia langu.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza yule mzee.

"Ni mimi," nikasema, na sauti ikatoka ndogo.

Wanaume wengine walitazama pembeni kwa adabu. Mmoja alicheka, na mwingine akasema maneno kuhusu zama hizi. Mwanamke mmoja muuza samaki, mtu wa Shimoni ambaye sikupata kumwona kabla ya siku ile wala baada yake, aliteremka kwenye magunia, akafungua leso yake ya mabegani na kumpa mwenzake ncha moja. Wakaja wengine wawili. Wakalizungushia gurudumu leso, kama wafanyavyo mwanamke akishikwa na uchungu njiani.

"Fanya kazi yako, mwanangu," alisema yule muuza samaki.

Shemeji aliwatuma wanaume wakaleta mawe bapa ya matumbawe kutoka kwenye ukuta wa shamba. Akayapanga chini, akaweka ubao juu yake, akaweka jeki juu ya ubao. Akapandisha. Lori liliinuka likilia. Mimi nilikuwa nimeganda, nikiitazama jeki ile; ilikuwa na alama nyeusi kwenye meno yake na sikutaka kujua ni alama ya nini.

"Usiingie chini," shemeji aliniambia kwa sauti ya chini. "Nitakata gurudumu ndani, wewe pitisha mkono kwa nyuma. Mkono tu. Nikisema toa, toa."

Nilipiga magoti matopeni. Kile kidude kilikuwa kimejaa udongo ulioshindiliwa mpaka tundu lake halionekani, na hapo nikajua kwa nini jana grisi yote ilitoka pembeni. Kitambaa hakikufaa. Niliomba kitu chenye ncha, na mama, aliyekuwa ameshushwa na kusimama nyuma ya zile leso akisikiliza kila neno, alichomoa pini ya ushungi wake akainyoosha hewani, asijue inakwenda kwa nani. Nikaichukua. Nilichokonoa udongo ule chembe kwa chembe, mkono wangu ukiwa kati ya gurudumu na springi, na kila lori lilipotoa mlio nilisimamisha pumzi.

Nikabana mdomo wa bomba, nikapiga. Mwepesi.

Nilikaribia kulitupa. Safari ile yote ya mashimo ilikuwa imeisukasuka grisi, na kwa baridi ya asubuhi ile ilikuwa imegandamana nyuma na kuacha utupu mbele. Nikatoa mkono, nikakaa juu ya kisigino, nikajilazimisha kwenda pole pole. Legeza kichwa. Sukuma ufito. Ikatoka pumzi. Pigia ubavuni, sukuma tena. Mmoja wa wale wanawake aliuliza linafanya nini, nikamwambia linatoa hewa, akaitikia kama nimemwambia jambo la kawaida. Grisi ikachungulia. Kaza. Piga hewani. Mwepesi, mwepesi, kisha mzito, na mnyoo ukatoka bila kukatika.

Nikarudisha mkono. Nikabana. Nikapiga, na mtambo ukanikatalia kwa uzito mpaka nikadhani pameziba. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauegemea. Kitu kikaachia ndani ya chuma. Kwenye maungio ya kingipini pakatoka tone la maji yenye kutu, halafu uji mweusi wa mchanga, halafu grisi chafu, halafu safi. Niliendelea mpaka safi ikazunguka kote. Safari hii sikudhani.

"Toa mkono," shemeji alisema. Nikatoa. Akashusha jeki.

Alipanda, akauzungusha usukani kushoto, akauzungusha kulia, akaurudisha katikati kwa mkono mmoja. Hakunisifu. Alisema tu, "Twende, wakati unakwisha."

Lakini hofu haitoki kwa sababu chuma kimelainika. Kutoka Tiwi mpaka Kombani, kutoka Waa mpaka Ng'ombeni, nilisikiliza upande wangu. Tulipofika Likoni na nikaona maji chini ya mteremko, na feri imetega mdomo, miguu yangu iliukanyaga ubao wa chini kama mimi ndiye mwenye breki. Shemeji aliteremka taratibu sana. Katikati palikuwa na kipindo kidogo cha kuelekeza pua ya lori kwenye njia ya feri. Usukani ukaenda, ukarudi. Magurudumu yakagonga vyuma vya feri.

"Tumo majini?" mama aliuliza.

"Tumo ferini, mama."

"Alhamdulillahi," alisema, akaniachia paja.

Mama alilazwa jioni ile ile na kupasuliwa Ijumaa, jicho la kulia. La kushoto walisema limechelewa. Nilikaa Mombasa kwa shangazi mpaka walipomfungua bendeji. Mama alinitazama usoni.

"Umekonda," alisema.

Habari zilikuwa zimetutangulia Msambweni, na mimi wakati wote wa kukaa Mombasa nilikuwa nikiwaza jinsi zitakavyomfikia tajiri: lori lake limeharibika njiani, mwanamke amelala chini yake mbele ya watu. Niliporudi nilimkuta mume wangu ameketi barazani, mkono kifuani. Kidole kimoja kilikuwa kimekatwa, cha pili kimebaki lakini hakikunji. Nilimuuliza kuhusu tajiri kabla ya kumuuliza kuhusu kidole.

"Alikuja," alisema. "Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akauliza sasa usukani ukoje. Nikamwambia muulize dereva."

"Halafu?"

"Amemuomba ndugu yangu kwa wakubwa wake huko kwenye miwa, aliendeshe mpaka mkono upone. Mimi nisimamie lori nyumbani."

Nilitaka kumkasirikia, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Tiwi.

"Ulijua kuhusu jeki," nikasema.

"Nilijua."

"Mama alikuwa ndani ya lori lile. Na mimi nilikuwamo."

"Najua." Aliutazama mkono wake. "Nilipofumba macho niliona mkono wako ndio uliopondwa. Sikuweza kulisema. Usiku nikataka kukwambia msiende, nikakumbuka macho ya mama. Nikakaa hivyo mpaka alfajiri."

Basi tulikuwa tumekesha wote wawili, kila mmoja ameuelekea ukuta wake.

Alirudi kuendesha mvua zilipokwisha. Usukani aliumudu, lakini mtambo wa bomba ulihitaji vidole ambavyo hakuwa navyo tena, kwa hiyo kazi ya grisi ilibaki kwangu. Baadhi ya majirani walisema waliyoyasema, kisha wakachoka. Utingo aliporudi kutoka Kinango alijitolea kunipokea, nikamwachia springi na vile vyuma vya nyuma. Magurudumu ya mbele sikumwachia mtu. Tulikuwa tukiliinua kwa jeki na kuweka magogo ya mnazi chini yake kabla sijapitisha hata kidole, na mume wangu alisimama pale, akitazama magogo.

Nilidhani kujua kazi ile kungenipunguzia wasiwasi, lakini uliongezeka. Zamani alipochelewa kurudi nilikuwa nikiiogopa barabara yote kwa jumla, mvua, giza na watu wabaya, kama waogopavyo wake wote wa madereva. Baada ya hapo nilikuwa nikikaa mlangoni nikikumbuka kidude kimoja kimoja, kipi kilipokea, kipi kilisita, na kama nilikiona kwa macho au nilidhani.